Gari la Kapsokwony Lililokataa Kuwaka Asubuhi

Ninyi mafundi mliobaki yadini Bungoma mliniomba, siku ile ya chai na keki ya kuniaga, niwaandikie mambo ya kazi. Nilikubali haraka kwa sababu nilitaka keki ikatwe. Sasa niko nyumbani Tongaren, mahindi yameshaingia ghalani, na sina tena kisingizio. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani. Nitawaeleza jinsi magari yanavyokataa kuwaka, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine yoyote, na nitawaeleza kosa moja ambalo baadhi yenu mmelisikia nusu nusu, na wengine mmesimuliwa na watu wasiokuwapo. Mimi nilikuwapo.

Nilianza kazi Kitale, katika gereji ya Bwana Balbir, nyuma ya maduka ya vifaa vya kilimo. Nilikuwa na cheti cha umeme wa magari kutoka polytechnic ya kijiji, na nilikuwa nimejifunga leso juu ya suruali kwa sababu mama alinisindikiza hadi stendi na sikutaka tugombane njiani. Bwana Balbir alizaliwa Kitale, kama baba yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Kitale kabisa, na Kibukusu alikijua cha kutosha kuwagombeza watu walioleta magari yenye matope.

Asubuhi ya kwanza alinionyesha gari dogo la mwalimu mkuu mmoja. "Hii inasumbua kuwaka," akasema. "Tafuta shida."

Nikafungua boneti, nikatikisa vichwa vya betri, nikafunga boneti. "Betri imekwisha."

"Umejuaje?"

"Mara nyingi huwa ni betri."

"Mwenye gari ni yule amekaa kwa benchi, anakunywa soda. Umemuuliza kitu?"

Sikuwa nimemuuliza chochote. Bwana Balbir akanishika bega, akanipeleka hadi kwenye benchi, akamuuliza yeye mwenyewe mbele yangu. Gari linasumbua asubuhi ama mchana? Likiwa baridi ama likiwa moto? Ukipiga stata, linazunguka pole pole kama limechoka? Linazunguka vizuri lakini halishiki? Ama linagonga "ta" mara moja na kunyamaza? Mwalimu akajibu kwamba asubuhi halina neno, ila akisimama posta saa sita na jua likiwa kali, akirudi linazunguka vizuri tu na halishiki, na linanuka petroli. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye kabureta. Betri niliyokuwa nimeitolea hukumu ilikuwa imenunuliwa wiki iliyotangulia.

Maswali hayo niliyaandika nyuma ya kalenda na nikayatumia maisha yangu yote ya kazi, isipokuwa mara moja. Gari linalozunguka kwa uvivu lina njaa ya umeme: tazama betri, nyaya na stata. Linalozunguka kwa nguvu bila kushika lina njaa ya mafuta au ya hewa, au kama ni la dizeli, hita plagi, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka, hazipati moto. Linalogonga na kunyamaza, usilipige nyundo kabla ya kukaza nyaya. Najua mnapenda nyundo.

Siku ya tatu nilipigwa na mshtuko ambao bado uko kwenye kidole changu. Nilikuwa nikikaza waya wa chanya wa betri nikiwa nimevaa pete ya ndoa. Spana ilikuwa kwenye betri, pete ikagusa spana upande mmoja na chuma cha gari upande wa pili. Sikusikia sauti yoyote. Niliona tu pete imekuwa nyekundu kama kaa la moto, na kabla sijapiga kelele Bwana Balbir alikuwa ameshauchomeka mkono wangu kwenye karai la maji ya rejeta. Nilikuwa nimeolewa miezi minne. Mume wangu alipouliza pete iko wapi nilimwonyesha kovu, nikamwambia hii haipotei. Tangu siku hiyo yeyote aliyekuja kwangu na pete, saa au bangili aliviacha mlangoni.

Kitu kikubwa alichonifundisha Bwana Balbir kilikuwa kutumia mita. Mafundi wengi huweka mita kwenye betri, wakaona volti kumi na mbili, wakaridhika. Yeye alisema umeme ni mzunguko, unakwenda na unarudi, na njia ya kurudi ina haki sawa na ya kwenda. Kutoka betri unapita waya mnene hadi kwenye stata. Kutoka stata unarudi kupitia chuma cha injini, unashuka kwa ule waya tunaouita athi hadi kwenye chesi, na chesi inaurudisha kwenye betri. Athi ikiwa mbaya, betri mpya haitakusaidia. Ukitaka kujua, weka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye injini, mwambie mtu apige stata. Ukiona hata volti moja pale, umeme umekwama njiani kurudi nyumbani.

Nilikaa Kitale miaka mingi. Mambo ya kushangaza hayakukosa. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka huku kwetu Tongaren alileta pikapu ya dizeli iliyozunguka vizuri, ikakohoa moshi mweusi na kuzima. Mafundi wawili walikuwa wameshafungua pampu. Mimi nilimuuliza huwa anaiegesha wapi, akasema ghalani. Nikafungua sanduku la kichungi cha hewa, na panya jike akaniruka kifuani, akapita begani, akaenda zake. Ndani kulikuwa na magunzi, karatasi za gunia na watoto sita wa rangi ya waridi, bado hawajafungua macho. Mwenye pikapu, mtu mzima mwenye kitambi, alikuwa juu ya benchi na viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekaa chini na mita mkononi, nikijishika kifua. Tulipotoa kiota, gari likawaka mara moja. Sikumbuki tulishuka vipi, yeye kutoka kwa benchi na mimi kutoka kwa hofu, ila baadaye tulicheka hadi tukatoa machozi.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, Bwana Balbir alifunga gereji akaenda kukaa kwa binti yake. Nami nikahamia Bungoma, kwenye yadi ya shirika moja la kanisa lililokuwa na zahanati huku na huko, hadi mlimani Elgon. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa umeme pekee. Meneja wetu alikuwa Bwana Wekesa, mtu wa kelele na wa haki, ambaye kwake gari siku zote lilikuwa "gali" na hakuna aliyethubutu kucheka.

Katika magari yetu, lililopata taabu zaidi lilikuwa gari la wagonjwa la Kapsokwony. Barabara ya kule mnaijua. Dereva wake alikuwa Mzee Ndiwa, Msabaoti wa palepale, nyumba yake iko chini kidogo ya zahanati. Alivaa tai kila siku, hata alipolala chini ya gari kukagua springi. Alisema maneno machache, na hayo machache aliyasema taratibu. Kwa miaka yote aliyoliendesha, gari lile halikuwahi kugusa mtaro.

Mwaka 2004, baada ya mvua ndefu, gari lililetwa kubadilishwa klachi. Kwa kuwa chesi ilikuwa imeanza kuliwa na kutu, lilipelekwa kupakwa rangi chini. Likarudi Ijumaa mchana, jeusi kama sufuria mpya. Kazi yangu ilikuwa kurudisha nyaya zote mahali pake. Siku hiyo nilikuwa na safari ya Webuye kwenye harusi ya mpwa wangu, na pikapu ya kunichukua ilikuwa imeshapiga honi mara mbili pale getini. Nikafunga nyaya, nikapiga stata, gari likawaka. Nikanawa mikono, nikaenda kucheza.

Wiki mbili baadaye Mzee Ndiwa alisimama mlangoni pa chumba changu cha kazi. "Fundi, asubuhi inakataa. Inazunguka kama mtu amelewa usingizi."

Nilitoka, nikapiga stata. Likawaka hapo hapo.

"Mbona inawaka, mzee?"

"Hapa iko moto, imetoka mbali. Shida ni asubuhi."

Nilipima betri. Nzima. Nikashusha stata, nikaisafisha, nikairudisha. Baada ya siku kumi alirudi na maneno yale yale. Nikabadilisha hita plagi. Akarudi. Nikampa betri mpya. Akarudi mara ya nne, na safari hii, nakiri, nilimwona akiingia getini nikaingia chooni hadi Bwana Wekesa akaniita kwa jina langu lote: "Rosa Nafula! Gali ya Kapsokwony imekushinda?"

Hayo maneno yaliniuma. Niliamua kwamba kama gari ni zima na betri inaishiwa nguvu, basi kuna kitu kinainyonya usiku. Nikaanza kupekua ndani. Chini ya kiti cha dereva, ndani ya gunia lililokunjwa vizuri, nikakuta waya mnene mweusi, wa aina ya kuazimia moto gari hadi gari, wenye kibanio kila upande.

Lazima mkumbuke hali ilivyokuwa wakati huo. Stima haikuwa imefika vijijini mlimani. Watu walitazama televisheni kwa betri ya gari, na betri ikiisha lazima ichajiwe mahali. Kulikuwa na madereva waliofanya kazi hiyo kichinichini kwa magari ya waajiri wao. Nilipouona ule waya, nilisikia kama mtu amewasha taa kichwani. Betri ya wagonjwa ilikuwa ikitazamisha watu mpira. Nikaubeba waya kama nimekamata nyoka, nikaupeleka ofisini.

Bwana Wekesa akamwita Mzee Ndiwa. Akaweka waya mezani. "Mzee, hii ni nini?"

"Ni waya wa kusaidia injini."

"Kusaidia namna gani?"

"Asubuhi nikiiweka, inawaka."

"Unaiweka wapi?"

"Upande mmoja kwa betri," akasema Mzee Ndiwa.

Akanyamaza kidogo kama kawaida yake, akitafuta neno la kuendelea. Mimi sikumngoja. "Na upande mwingine kwa betri ya nani, mzee? Ya jirani?"

Bwana Wekesa akapiga meza. "Unachajia watu betri na gali ya wagonjwa?"

"Hapana." Mzee Ndiwa akanigeukia. "Huyu ni fundi. Anajua. Muulize yeye."

Wote wawili wakanitazama. Nami nikasema, mkono kiunoni: "Injini haisaidiwi na waya wa kuchajia."

Nikaandika ripoti ya mistari mitatu na kutia sahihi. Mzee Ndiwa aliachishwa kazi kabla ya mwisho wa wiki. Alipoweka funguo mezani aliziweka taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Hakuniaga.

Dereva mpya aliitwa Simiyu, kijana mwenye mke na mtoto mmoja, mchangamfu. Tulimpa jampa mpya, nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, za dharura. Kwa miezi saba hakulalamika hata mara moja kuhusu kuwaka, na kila mwezi uliopita nilizidi kuona ripoti yangu ilikuwa ya kweli. Nilikuja kujua baadaye kwamba Simiyu alikuwa akiliegesha gari kwenye mteremko, uso ukitazama chini, na kila asubuhi analiachia libingirike na kulishtua kwa gia ya pili. Alikuwa amesikia yaliyompata aliyemtangulia. Aliogopa kusema gari lina shida.

Kisha ikafika asubuhi moja ya Aprili, mwaka uliofuata. Saa moja, nikiwa nafungua mlango wa chumba cha kazi, simu yangu ya mkono ikalia. Ilikuwa Simiyu, na sauti yake ilikuwa imepanda juu sana.

"Fundi, imekataa! Nimeileta mpaka mlango wa zahanati, ikazimika, hapa ni tambarare, kumejaa matope, hatuwezi kusukuma. Kuna mama ndani ya gari, mtoto amekaa vibaya tumboni. Sista anasema twende hospitali Bungoma sasa hivi!"

"Washa hita, hesabu hadi thelathini, kisha upige."

"Nimefanya!"

"Piga tena, weka simu karibu nisikie."

Nikasikia. Ngu… ngu… ngu. Lilikuwa likizunguka kwa uvivu kama jiwe la kusagia. Nyuma ya sauti hiyo nikamsikia mwanamke akilia, na Sista Grace, muuguzi wa zahanati, akimwambia apumue. Nikamuuliza Simiyu kama kuna gari lolote karibu la kuazima moto. Akasema hakuna, lililo karibu ni lori la mbao na limeshateremka. Mimi niko Bungoma na bisibisi mkononi.

Hapo nikasikia sauti ya mwanamume mwingine, ya taratibu: "Lete hiyo waya nyeusi. Nyekundu acha. Sasa ingia, piga."

Injini ikanguruma.

"Imewaka, fundi!" Simiyu alikuwa karibu kulia.

"Nani amewasha?"

"Mzee Ndiwa! Amesikia kelele akakuja kutoka kwake. Ametumia waya moja tu, ile nyeusi. Upande mmoja kwa hasi ya betri, upande mwingine amebana kwa injini yenyewe. Basi! Tunaenda!"

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishikilia sikioni. Waya mmoja. Upande mmoja kwa betri, upande mwingine kwa injini. Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Betri haichajiwi na waya mmoja. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa polytechnic anajua kwamba ukitaka kuchaji betri unahitaji nyaya mbili, wa kwenda na wa kurudi. Mimi niliukuta waya mmoja chini ya kiti, mweusi, na kwa akili yangu yote na cheti changu, sikuuliza wa pili uko wapi. Ule waya haukuwa wa kuchajia mtu. Ulikuwa athi. Mzee Ndiwa alikuwa akiupatia umeme njia ya kurudi, kwa sababu njia niliyomfungia mimi ilikuwa imekufa.

Saa nne gari likaingia yadini, likitokea hospitalini, Simiyu akiwa ameliacha likinguruma kwa kuogopa kulizima. Alisema mama amepelekwa chumba cha upasuaji. Nikamwambia azime, aende anywe chai. Kwanza nikafanya kile nilichopaswa kufanya miezi mingi nyuma: mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye injini, nikaingiza mkono dirishani nikapiga stata. Volti nne. Volti nne zilikuwa zimekwama njiani. Gari lilikuja kwangu mara nne, na kila mara nilipima kila kitu isipokuwa waya huo, kwa kuwa nilijua nani aliufunga.

Nikalala chini ya gari na spana ya kumi na saba. Bolti ya athi kwenye chesi ikatoka bila ubishi. Nikavuta kichwa cha waya pembeni, na chini yake palikuwa na rangi. Nyeusi, safi, inang'aa kama siku ilipopakwa, na juu yake mduara wa alama ya kichwa cha waya. Sikuwa nimeikwangua. Niliufunga waya juu ya rangi mpya na kukimbilia harusini. Mahali pamoja tu, padogo kama punje ya mtama, rangi ilikuwa imeungua hadi kwenye chuma. Kwa tundu hilo ndipo moto wote wa stata ulikuwa ukilazimishwa kupita. Injini ikiwa ya moto, ilitosha. Asubuhi ya baridi mlimani, oili ikiwa nzito, haikutosha.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na kipande cha msasa mfukoni. Hakukuwa na mtu karibu. Dakika tano zingetosha: kwangua rangi, rudisha bolti, paka grisi, sema waya ulilegea. Nilikwangua. Nilikwangua nusu ya ule mduara, chuma cheupe kikaanza kuonekana, kabla mkono haujagoma. Nikalala pale chini ya chesi nikiitazama nusu iliyobaki. Kisha nikatambaa nje, nikaenda kumwita Bwana Wekesa.

Alivua koti, akalala matopeni kando yangu, mtu wa cheo chake. Nikamwonyesha.

"Hii ni nini, Rosa?"

"Ni rangi. Nilifunga athi juu ya rangi. Ndiyo sababu lilikuwa halitaki kuwaka."

"Tangu lini?"

"Tangu klachi."

Akahesabu miezi kwa vidole. "Na ile waya ya Ndiwa?"

"Ilikuwa inafanya kazi ya waya wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bwana Wekesa hakupaza sauti. "Nilifukuza mtu kwa karatasi yako," akasema. Akatoka chini ya gari, akasimama na matope mgongoni, akaingia ofisini na kufunga mlango. Mimi nikamaliza kukwangua, nikafunga athi juu ya chuma kitupu na washa ya meno ya kushikilia bolti, nikapima. Mita ilionyesha karibu sifuri. Kazi yote ilichukua dakika saba.

Jioni Sista Grace alinipigia. Mama na mtoto wote wazima, mtoto wa kike. Nikamshukuru. Kisha akasema, "Rosa, nilikuwa nimeshaanza kuwatafutia watu wake maneno ya kuwaambia."

Kesho yake Bwana Wekesa na mimi tulipanda Kapsokwony. Mzee Ndiwa alikuwa shambani akipalilia vitunguu, ana tai shingoni, miguu mitupu. Mkewe akatuletea viti. Mimi sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kati ya mistari ya vitunguu: klachi, rangi, bolti, na jinsi nilivyomkatiza ofisini.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo hukujua?"

"Sikujua, mzee."

"Mimi nilidhani unajua." Akaegemea jembe. "Ile siku ofisini nilisema muulize, anajua. Nilidhani umeona kosa ni yako, ukaamua niende mimi. Miezi saba nimekuchukia hivyo."

Hilo ndilo lililokuwa pigo la mwisho, na sikuwa nimejiandaa nalo. Miezi yote hiyo, huku mimi nikimwona yeye mwizi, yeye aliniona mimi mwovu.

"Nisamehe, mzee."

"Mtu wa lori ya mbao ndiye alinionyesha hiyo njia ya waya," akasema, kana kwamba hakunisikia. "Mimi sijasomea. Sikujua kueleza. Lakini wewe ulikuwa uniulize tu upande ile ingine naweka wapi. Hiyo tu." Akainama, akang'oa gugu moja, akalitupa mbali. Alipoinuka alimtazama Bwana Wekesa. "Barua iko?"

"Iko, mzee. Nimeandika mwenyewe. Na nitaisoma mbele ya madeleva wote."

Aliisoma kweli, Jumatatu, kwa sauti yake yote, jina langu na kosa langu vikiwamo. Mimi nilipewa barua ya onyo, na ilikuwa haki yangu. Simiyu alihamishiwa gari la chanjo. Mzee Ndiwa akapokea funguo zake, akazunguka gari mara mbili, kisha akaja kwangu.

"Fundi, leo tunapanda pamoja. Utalala kwa Sista."

Sikuuliza kwa nini. Tulipanda tangu Bungoma hadi juu, na yeye akaliegesha gari mbele ya zahanati, mahali tambarare kabisa. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na umande umejaa kwenye kioo. Nilimkuta amesimama kando ya gari, mikono nyuma. Akanipa ufunguo.

"Washa wewe."

Nikaingia. Nikawasha hita, nikahesabu, nikapiga stata. Injini ikashika kwa mzunguko wa kwanza.

"Zima," akasema.

Nikazima.

"Washa tena."

Likashika. Akanifanya nirudie mara tano, kila mara akiwa ameinamisha kichwa upande wa boneti, akisikiliza. Mara ya tano hakusema nizime. Mlango wa zahanati ulikuwa umefunguka, Sista Grace akatoka akimshikilia mzee mmoja aliyefungwa blanketi, chupa ya dripu ikiwa juu mkononi mwake.

Mzee Ndiwa akakaza tai yake, akaja upande wangu, akafungua mlango.

"Shuka, fundi," akasema. "Mgonjwa anangoja."